Gari la Mkwe Lilipochemsha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali mjini Kigoma, sikupewa spana. Fundi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alinikalisha juu ya tairi bovu mbele ya lori lililokuwa likitoa mvuke, akaniambia nimsikilize dereva wake. Dereva akaongea, mimi nikawa naangalia boneti. Fundi Mkuu akanishika kidevu, akanigeuza uso kwa yule dereva. "Boneti haina mdomo," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya gari. Wewe hukuwemo." Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimevaa ovaroli mpya na hamu yangu yote ilikuwa ichafuke.

Baadaye nilihamishiwa bandarini, kwenye injini za boti, chini ya Msimamizi ambaye hakujua kumsifu mtu. Ukifanya vizuri alinyamaza tu, nasi tukajifunza kuupenda ule ukimya wake. Kisha nikapelekwa kambi ya barabara upande wa Kasulu, na huko ndiko nilikoujua ugonjwa wa magari kuchemsha.

Niwaeleze kidogo ninyi mnaoanza. Injini hupozwa na maji yanayosukumwa na pampu. Yakishapata moto, themostati, ambayo ni kimlango kidogo, hufunguka ili yapite kwenye rejeta, vile vijibomba vyembamba vilivyo mbele ya gari. Hapo upepo huyapoza, yakarudi kazini. Feni nayo huvuta upepo pale gari linapokuwa halina mwendo. Mhandisi wa kambi hakuturuhusu kushika kitu kabla hatujajibu swali lake moja: "Linachemshia wapi?" Likichemshia mlimani, shuku rejeta na pampu. Maji yakipungua bila kuvuja, na moshi mweupe ukatoka nyuma, basi gasketi ya silinda hedi imeungua, injini ifunguliwe, kaa chini ulie.

Nilipoacha kazi ya serikali nilirudi Kigoma nikafungua gereji yangu Gungu, na hapo ndipo lilipoletwa gari la Mzee Hamadi.

Mzee Hamadi alikuwa muuza vitambaa wa Ujiji aliyepumzika biashara, mtu wa watu. Gari lenyewe lilikuwa dogo, limetumika, na aliuziwa na mkwe wake Yusufu, mume wa binti yake Zaituni. Yusufu alikaa Mwandiga, kazi yake mjini, na alikuwa ameliendesha miaka bila tatizo. Lilipoingia mikononi mwa mzee likaanza kuchemsha karibu kila siku. Yusufu akija kulijaribu, geji ya joto inatulia. Mzee akaona anafanywa mtoto mdogo. Maneno yakakua, mpaka akamwita binti yake arudi nyumbani.

"Hawezi kuishi na mtu aliyemuuzia baba yake jeneza," aliniambia.

Zaituni mwenyewe alinifuata gereji, mtoto mgongoni. "Shikamoo, fundi. Baba yangu hasemi uongo. Mume wangu naye hasemi uongo. Sasa mimi nilale kwa nani?"

Nilimhurumia sana yule binti, na gari lile nikalichukia.

Kwetu hapa, gari likisemwa linachemsha, fundi hulipandisha Mwandiga. Kile kilima ndicho mtihani wetu. Mafundi walionitangulia walilipandisha, wakabadilisha themostati, wakaosha rejeta, wakanawa mikono. Nami nikalipandisha. Likakwea kama mbuzi, geji haikutikisika. Nilianza kufikiri kwamba labda ni uzee tu, mzee anaona yasiyokuwepo. Ndipo nikakumbuka kidevu changu kilivyoshikwa siku ile.

"Mzee," nikamwambia, "leo endesha wewe, uende unakokwenda siku zote. Mimi nitakaa tu."

Tukashika njia ya Ujiji. Hatujafika mbali akasimama kwa mama mmoja muuza mkaa, injini inaunguruma, akashusha kioo, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, Hamadi. Za kwako?"

Akauliza goti lake, akauliza wajukuu, akauliza shamba. Kisha akashusha pumzi. "Mimi ndiyo hivi. Mkwe wangu kanipiga, kaniuzia gari bovu."

"Pole, baba. Vijana wa siku hizi hawana haya."

Tukasogea nyumba chache, akasimama tena. Kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani, kwa mwalimu wa madrasa. Kila mahali afya kwanza, watoto, halafu mkwe. Mzee Hamadi hakujua salamu ya kupita, na kuzima injini mbele ya mtu aliona ni kama anahamia kwake. Jua lilikuwa limekaza. Tulipofika kwa mshona viatu geji ikawa imepanda juu kabisa, nami nikagundua kuna kitu sikisikii. Feni.

"Usizime, Mzee."

Nikafungua boneti. Feni ilikuwa imesimama tuli. Nikaigonga mota yake taratibu kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka kidogo, ikakata tamaa. Kaboni zake, vile vipande vinavyoipelekea mota umeme, zilikuwa zimekwisha. Yusufu alikuwa mtu wa haraka, akitoka Mwandiga hasimami mpaka mjini, na upepo wa mwendo ulikuwa ukimfanyia kazi ya feni. Asingejua hata angeapishwa.

Nikamweleza mzee pale pale. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hakuniibia."

"Hakujua, Mzee."

"Na mimi nimemsema mji mzima." Nikafunga boneti taratibu.

Lilipopoa tukarudi gereji, nikafunga mota nyingine, nikadhani atakwenda moja kwa moja kwa mkwe wake kumaliza maneno. Hakwenda. Aliniambia nipande, akarudi njia ileile.

"Mama, nilikwambia mkwe wangu kaniuzia gari bovu," akamwambia muuza mkaa. "Nimemsingizia. Ilikuwa feni tu. Yule kijana ni mtu mwema."

Akasimama kwa muuza kahawa, kwa fundi cherehani, kwa mwalimu, kwa kila aliyewahi kumwambia. Wengine walimcheka, akawaacha wacheke. Injini inaunguruma, feni inavuma, geji imekaa katikati.

Mimi nimestaafu sasa, magoti hayataki tena kuingia chini ya gari. Vijana wana mashine za kusoma ugonjwa wa injini, ni nzuri, na ningekuwa nazo ningezitumia. Lakini nawaomba mkae kwanza na mwenye gari, muende naye anakokwenda. Nikiulizwa ni gari gani nililotengeneza likanifurahisha kuliko yote, nalitaja hilo, ingawa kazi yenyewe haikutoa hata jasho.

Maana kituo chake cha mwisho siku ile kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Zaituni alikuwa barazani anapepeta mchele. Mzee hakushuka. Alinyoosha mkono, akamfungulia mlango wa nyuma.

"Chukua mtoto, mama," akasema. "Nakurudisha kwako, nikamwombe radhi mumeo."