Wavu wa Jiko la Mama

Enzi zetu pale Mafiga, mtoto aliyetoka shule hakuulizwa amefundishwa nini. Alipewa nusu ya kitunguu kilichochomekwa kwenye uma, akasugue wavu. Jiko la mama, alilochomea nyama ya kuuza barabarani, lilikuwa nusu ya pipa lenye miguu ya chuma, na wavu wake ulisuguliwa ukiwa wa moto. Kitunguu kikalia, machozi yakatutoka, wenzetu waliokuwa wakicheza rede barabarani wakatucheka. Tulivumilia, maana baadaye zilichomwa ndizi mbichi kutoka Mkuyuni, pamoja na maganda yake, mpaka zikapasuka. Zilizoungua zaidi zilikuwa zetu.

Kuna siku wavu ulikatika, mama akaweka rafu ya friji bovu. Wengi walifanya hivyo. Nyama ilipoanza kuiva ikatoa harufu ya rangi, na wateja walishasimama. Mama akaimwaga yote kwenye shimo la taka. "Siuzi kitu ambacho wanangu siwezi kuwapa," akasema. Tulikula ugali kwa mlenda.

Mama tumemzika masika haya. Jiko likabaki baridi uani, wavu wake umeliwa na moto katikati. Kaka yangu Rajabu akataka tuliuze kama chuma chakavu. Nikamwomba asubiri mpaka Jumamosi: nikipata wavu unaofaa, nitalirudisha barabarani mwenyewe, nikikosa, alichukue.

Binti yake, Zuhura, akanisindikiza dukani. Nyavu zilining'inia zinang'aa.

"Shangazi, chukua huu. Una mpini, halafu kwenye picha utatoka vizuri."

Siku hizi simu ndiyo inakula nyama kwanza, mwenye njaa anafuata. Niliukwaruza ule wavu, ukucha ukarudi na unga wa rangi. Mwingine nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea. Nikarudisha zote mbili.

"Mama, unachagua wavu au mkwe?" muuzaji akauliza.

"Mkwe akinishinda namrudisha kwao," nikamjibu. "Nyama ikishanuka nairudisha wapi?"

Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea. Akaniamkia shikamoo, nikamweleza: nondo nyembamba, nyeusi, zisizopakwa kitu chochote.

"Nafasi katikati tuache kiasi gani, mama?"

Mama alikuwa akimpimia fundi wake kwa kidole cha shahada: kidole kipite, nyama isipite. Wavu wa zamani ulikuwa umepindapinda, hautoi kipimo tena, na mwenye kidole hayupo. Zuhura akaanza kutafuta kwenye simu.

"Iweke mfukoni, mwanangu," nikasema. Nikalaza kidole changu kati ya nondo mbili. Ni kinene kuliko cha mama, sikujifanya sikioni. Fundi akachora alama pembeni yake.

Nyumbani niliuweka wavu juu ya mkaa ukiwa mtupu, mpaka chuma kikabadilika rangi, kisha nikausugua. Jumamosi jioni tukalibeba jiko hadi barabarani. Rajabu alikuja, akasimama upande wa moshi, akashika kipepeo akaanza kupepea. Habari ya chuma chakavu hakuitaja.

Sitadanganya. Vipande viwili vya nyama vilipita kwenye nafasi vikaangukia majivu, na ladha haikuwa ya mama. Rajabu alitafuna, akasema, "Chumvi imepungua." Ni kweli ilipungua. Jumapili niliongeza, na leo nitawasha tena.

Zamani tulilizunguka jiko hili tukigombania nafasi, macho yetu yote usoni kwa mama, tukisubiri aseme imeiva. Siku hizi wanaonizunguka wameinamia simu zao, kila mmoja na mwanga wake usoni. Lakini kila baada ya muda, mmoja wao ananyanyua kichwa na kuuliza, "Tayari?" Nami nageuza kipande, nakibonyeza, na wote wananisubiri mimi.