Mguu Usiouma

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, nilikuwa msichana mkaidi mwenye mdomo, na mpaka leo nafurahi kwamba nilikuwa hivyo.

Baba yangu alikuwa na lori. Alipeleka unga miji midogo ya mbali, Merti na Sericho, na safarini alivaa khufu, zile soksi za ngozi ambazo msafiri anaruhusiwa kwa siku tatu kuzipangusa tu kwa maji anapotawadha, asizivue. Kwenye barabara ya mchanga na maji haba, ruhusa hiyo ni neema. Baba aliipenda kupita kiasi. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, dawa akimeza siku alizozikumbuka, na miguu yake mwenyewe aliiona kwa nadra.

Alasiri moja alirudi nyumbani, muda wa ruhusa umekwisha, akazivua. Mimi nilikuwa nikimmwagia maji kwa birika. Nikaona mwiba wa mgunga umezama kwenye unyayo, ngozi kuzunguka imekuwa nyeusi na inatoa usaha.

“Aabo, hii mwiba haikuumi?” nikamuuliza baba.

“Mwiba gani? Wewe mwaga maji.”

Hakuwa akitania. Nilipabonyeza pale penye usaha, naye akanitazama kana kwamba nabonyeza kiatu. Niliogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa damu, lakini kule kutosikia kwake ndiko kulikonitisha.

Baada ya swala aliung'oa mwiba kwa koleo ya lori, akafunga kitambaa, akasema asubuhi anaondoka kwenda Merti kwa sababu mzigo ulishapakiwa. Mama na mimi tulimsihi aende hospitali kwanza, wapi.

“Mguu haiumi, ina shida gani?” akasema.

Basi nikachukua viatu vyake na zile khufu, nikavificha chini ya magunia ya makaa. Asubuhi alitafuta mpaka akachoka, akanigombeza kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kisha akaanza kucheka. Mwenye lori hawezi kuonekana stendi na ndara za bafuni.

“Haya, twende hiyo hosipitali yako.”

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisafisha kidonda, akamweleza bila haraka. “Mzee, hii sukari inaharibu mishipa ya damu, hata zile ndogo kabisa, nyembamba kuliko unywele. Hizo ndizo zinalisha neva za mguu. Neva ikikosa chakula, inanyamaza. Hata macho na figo ziko na mishipa kama hizo, kwa hivyo tutapima zote. Na ungeenda Merti na hii mguu, ungerudi tuikate.”

Baba alinishika mkono, akaushikilia mpaka tulipofika nje.

Lori liliendeshwa na mtu mwingine huku kidonda kikipona polepole. Baba alijifunza kunywa chai bila sukari, akilalamika kila kikombe. Na kila jioni aliniwekea miguu mapajani niikague, kisigino mpaka katikati ya vidole, huku akinipa habari za barabarani. Zilikuwa jioni tamu kuliko zote nilizokaa na baba yangu. Alizeeka akitembea kwa miguu yake miwili.

Sasa nisikilize. Baba hakukosea katika dini, kwani ruhusa ilikuwa halali. Alikosea kudhani kwamba kisichouma ni kizima. Wewe ukiambiwa una sukari, usingoje maumivu yakupe habari, maana mishipa midogo huharibika kimyakimya. Meza dawa hata siku unayojisikia vizuri. Nenda ukapimwe macho na figo. Vua viatu kila jioni utazame nyayo, na usipoweza kuinama, mpe mtu wako akutazamie, wala usione haya. Na ukimwona mzee wako anakataa kwenda hospitali, ficha viatu. Matusi utayavumilia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe watu wakaidi wanaokupenda, na akujalie mguu unaouma unapoumia.