Mardhiya, macho ya jiko la Mzee Mwadini

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Jumamosi, Oktoba 17, 2009, mfuniko wa sufuria ya lita themanini unainuliwa katika jiko la kukodi nyuma ya kituo cha treni cha Barking, mashariki mwa London. Mardhiya Khatib, mwenye umri wa miaka 33, amesimama juu ya kreti ya maziwa akiwa na kamera mkononi. Anapiga picha nne kabla mvuke haujaziba lenzi.

"Wee Mardhiya, hiyo pilau unaipiga picha ya pasipoti?" anauliza Mwadini Msabaha, mwenye jiko, huku ameshikilia mfuniko kwa mikono miwili.

"Ami, usitikise. Na tumbo lisogeze, linanizibia mwanga," anajibu bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Mwadini anasogea.

Kazi ya Mardhiya ni kuifanya biashara hiyo ya chakula cha harusi, iitwayo Sinia, ijulikane kwenye mtandao wa Facebook, na kuwafanya wanaoijua waendelee kuizungumzia. Jumatatu hadi Ijumaa yuko mapokezi katika kliniki ya meno. Jioni na mwisho wa wiki ni za Sinia, na Mwadini humlipa pauni 70 kwa wiki. Januari mwaka huu ukurasa ulikuwa na mashabiki 212. Kufikia jana jioni walikuwa 1,936.

Leo ana jambo zito kuliko hesabu hiyo. Alasiri atapeleka kamera kwenye harusi ya familia aliyoikosea miezi mitano iliyopita. Mama wa bibi harusi ameagiza chakula, lakini hajasema kama kamera itaingia. Akiikataa mlangoni, anasema Mwadini, hakuna nyumba nyingine ya Kizanzibari mjini London itakayoikubali.

Mardhiya alifika London mwaka 2001 akitokea Wete, Pemba. Kwa miaka minne alisafisha ofisi, zamu ya saa kumi na moja alfajiri, na jioni alisoma Kiingereza na kompyuta katika chuo cha mtaani kwake.

"Nilikuwa nikizipangusa kompyuta za watu kwa kitambaa," anasema. "Sikudhani ipo siku nitakaa mbele yake nilipwe."

Alikutana na Mwadini mwaka 2007, alipochukuliwa kubeba masinia upande wa wanawake. Mwadini, mzaliwa wa Unguja mwenye umri wa miaka 59, hawezi kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Katika harusi nyingi za Kizanzibari wanawake husherehekea peke yao. Huvua mabuibui, hucheza, na mwanamume haruhusiwi kuvuka mlango, hata aliyepika.

"Miaka kumi na tisa nawapikia wanawake wa watu," anasema Mwadini, "na sijaona hata mara moja chakula changu kikipakuliwa. Mimi naona masufuria yakirudi. Yakirudi matupu, ndiyo nimesifiwa."

Hakuwa na picha ya kumwonyesha mteja mpya. Mwaka 2006 alichapisha vipeperushi 2,000 na kuvigawa nje ya misikiti baada ya sala ya Ijumaa. Alipata oda nne. Mardhiya ndiye aliyemweleza kwamba waliovipokea ni wanaume, na chakula cha harusi huchaguliwa na mama wa bibi harusi.

Ukurasa ulifunguliwa Novemba 2008. Wiki za mwanzo Mardhiya aliweka bei na namba ya simu, na hakuna aliyejibu. Kisha akaanza kuufanya ukurasa kama baraza ya nyumbani. Mtu akiuliza bei, kwanza anamsalimu kwa jina na kumuuliza za watoto, ndipo anamtajia bei. Ana daftari la nani ana mgonjwa, nani amejifungua, nani amefiwa.

Mama mmoja Mkongo wa Lewisham aliandika kwamba mumewe amelazwa. Mardhiya alimuuliza hali kila Jumatano kwa wiki sita, bila kutaja chakula. Mume alipopona, mama huyo aliagiza masinia kumi na mawili ya ibada ya shukrani kanisani kwao.

Ijumaa ni siku ya swali. Swali la Februari 20 lilikuwa kama pilau iwe na viazi au isiwe navyo. Katika siku mbili lilipata majibu 143, mengine kutoka Muscat na Copenhagen. Mwanamke mmoja wa Harrow aliandika kwamba kiazi ndani ya pilau ni dalili ya nyama iliyopungua. Mwadini, ambaye huweka viazi, alitaka jibu hilo lifutwe. Mardhiya alikataa, na mwanamke huyo alipoagiza chakula cha harusi mwezi Mei, aliagiza pilau isiyo na viazi.

Jina lake ni Bi Zuweina Salim, na harusi ilikuwa ya binti yake mkubwa.

Sherehe ya wanawake ilifanyika Jumamosi, Mei 16, katika ukumbi wa Barking. Mardhiya alikuwa na ruhusa ya kupiga picha za chakula tu. Saa kumi na mbili jioni, akiwa katika jiko la ukumbi, aliweka kwenye ukurasa picha ya meza ya masinia. Aliikagua meza. Hakukagua kioo kirefu cha mapambo kilichokuwa nyuma ya meza. Ndani ya kioo alionekana Malak, binti mdogo wa Bi Zuweina mwenye miaka 22, akicheza, kichwa wazi, katika gauni lisilo na mikono.

Maoni ya kwanza yaliwekwa saa kumi na mbili na dakika ishirini. Hayakuhusu chakula. Yalisema, mashallah, Malak amependeza. Mardhiya aliifuta picha dakika kumi na moja baadaye. Watu kumi na tisa walikuwa wamekwisha kubonyeza alama ya kuipenda, wanane kati yao wanaume.

Usiku ule ule alifanya kosa la pili: aliandika ukurasani barua ndefu ya kuomba radhi. Watu zaidi ya sitini waliijibu kwa kumpongeza kwa uungwana wake. Bi Zuweina alimpigia simu Mwadini asubuhi. Kwa maelezo ya Mwadini, mama huyo alisema picha waliiona watu wachache, lakini radhi imewatangazia wasioiona. Kufikia Jumatano, familia tatu zilikuwa zimeondoa oda zao za Juni.

Mardhiya alimwambia Mwadini yuko tayari kuacha kazi. Anakumbuka jibu lake neno kwa neno.

"Ukiacha leo, mimi nitabaki na ukurasa nisioujua na kosa nisilolijua. Kaa ulimalize. Na huko kwenye kompyuta usiseme neno tena. Mtu hukosewa nyumbani kwake, radhi huombwa nyumbani kwake."

Jumapili iliyofuata alipanda treni kutoka Barking, akabadilisha treni kituo cha Baker Street na kushuka Harrow, mkononi ana mikate ya ufuta iliyofungwa kwa kitambaa. Bi Zuweina alimkaribisha ndani, akapokea mikate, akamuuliza habari za Pemba. Kahawa haikuletwa. Alikaa dakika arobaini na hakuletewa hata maji.

"Katika nyumba zetu hilo ni jibu," anasema Mardhiya. "Nilitoka nimelielewa."

Alitoka analia, akisindikizwa mlangoni na Malak. Binti huyo, aliyezaliwa London, alizungumza Kiingereza kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Alisema machozi ya Mardhiya hayamsaidii kitu. Alitaka kujua picha yake iko kwa nani.

Hilo lilikuwa swali lenye jibu. Kwa siku kumi na sita, baada ya kazi ya kliniki, Mardhiya aliwatafuta wote kumi na tisa. Kumi na watano walimwambia kwa simu kwamba hawakuihifadhi. Wanne walikuwa wameihifadhi, mmoja wao akiwa Cardiff, Wales. Wa London aliwafuata makwao na kusubiri wafute mbele yake. Kwa yule wa Cardiff alikwenda kwa basi, akitumia siku moja ya likizo yake. Kijana mmoja wa Leyton alimwambia kwa mzaha kwamba hata polisi hawafuatilii hivyo.

"Nikamwambia, polisi hawakumkosea mama yake mtu," anasema.

Juni 9 alirudi Harrow na orodha: majina, tarehe, na saa ambayo kila picha ilifutwa. Malak aliisoma mstari kwa mstari, akapiga simu kwa watatu aliowachagua mwenyewe. Majibu yalilingana. Ndipo akazungumza Kiswahili.

"Wewe usiache kupiga," Malak alimwambia. "Ila pasiwe na picha inayotoka ukumbini kabla mwanamke wa nyumba hiyo hajaiona."

Hiyo ndiyo imekuwa kanuni ya Sinia tangu hapo. Mwenye harusi huteua mwanamke mmoja wa familia. Huyo hukaa na Mardhiya mbele ya kompyuta, hukagua kila picha mpaka pembeni na nyuma, na zisizokubaliwa hufutwa papo hapo. Kanuni haikuandikwa ukurasani. Ilienea kwa midomo. Kati ya Julai na Septemba, Sinia ilipata harusi kumi na moja, ikilinganishwa na tano katika miezi hiyo hiyo mwaka jana. Familia mbili kati ya tatu zilizojitoa zilirudi.

"Kwa huu ukurasa namshukuru aliyenikasirikia," anasema Mardhiya. "Na Ami Mwadini, ambaye angeweza kunifukuza kwa haki kabisa. Wapo walionisifu sana usiku ule. Hakuna aliyenifundisha kitu."

Duka la viungo la Harrow na fundi cherehani wa Lewisham wamemwomba azishughulikie kurasa zao. Wakithibitisha, Januari atapunguza siku za kliniki kutoka tano hadi tatu. Wote wawili, anasema, wamemwambia wanasubiri kusikia ya leo. Harusi ya leo ni ya Malak.

Saa tisa na robo alasiri Bi Zuweina yuko kwenye mlango wa ukumbi, ana kikapu anachokusanyia simu za wageni. Mardhiya anafika na sinia la kwanza, kamera imening'inia shingoni. Nyuma yake, hatua chache kutoka mlangoni, Mwadini amesimama na taulo begani.

Bi Zuweina anaitazama kamera, kisha anamtazama Mwadini.

"Umetia viazi?"

"Hata kimoja, Bi Zuweina."

"Haya. Mardhiya, pita, chakula kinapoa."

Mlango unafungwa. Yaliyotokea ndani yameelezwa na wanawake watatu waliokuwamo, na maelezo yao yanakubaliana. Mardhiya alipiga picha thelathini na nne. Mkaguzi alikuwa Bi Zuweina mwenyewe. Alivaa miwani, akaagiza kahawa vikombe viwili, kimoja akamsogezea Mardhiya. Alikataa picha ishirini na tisa, mojawapo kwa sababu kitambaa cha meza kilikuwa na doa.

Saa kumi na moja na dakika tatu jioni, picha tano zilizobaki ziliwekwa ukurasani. Ya tano ni ya mkono wa Bi Zuweina, wenye hina mpaka kifundoni, ukiweka kipande cha kwanza cha nyama juu ya sinia. Aliomba mwenyewe ipigwe.