Vitambaa vya Wachekecha Chai

Kila nikifungua kopo la majani ya chai, vumbi lake likinipanda puani, humsikia mama akikohoa.

Mama alikuwa akichekecha chai kiwandani. Baba, katibu wa chama cha wafanyakazi pale pale, alikuwa amechoka kumwomba meneja feni ya kutoa vumbi. Meneja alimjibu kwamba vumbi la chai ni dawa ya mafua.

Jumamosi moja mama alikuwa akienda mtoni kufua kitambaa alichojifunga mdomoni wiki nzima. Baba akamzuia mlangoni.

"Hicho usikifue, mama watoto. Na wenzako wasifue vyao. Nitampelekea meneja."

"Wanaume waone makohozi yangu?" Mama aling'aka. "Watasema sikufundwa!"

Akaondoka kwa hasira, nami nyuma yake. Mtoni aliwakuta wenzake wa kiwandani wakijiandaa kufua vyao, akawaeleza. Wote wakavifumbata vitambaa vyao viganjani, maana kwetu mwanamke ni heri achome kitambaa kichafu kuliko kionekane. Mama alikitazama chake kilivyojaa makohozi meusi, kisha akakirudisha kwenye beseni kikiwa kikavu. Wenzake nao, mmoja baada ya mwingine, wakarudisha vyao.

Jumatatu baba alivitandaza mezani kwa meneja, vyeusi, vimekakamaa.

"Ndugu meneja," alisema, "dawa yako hii hapa."

Feni ililetwa kabla ya masika. Mama alidai kitambaa chake, akakifua hadi kikatakata, akakianika uani watu wote wakione. Kutoka mtoni hadi nyumbani alikuwa amesimama mara nne kukohoa.