Mbuzi Asiyekuwepo

Yule binti wa hospitali, mshauri nasaha, nilimshuku tangu siku ya kwanza, na sababu yenyewe ni kwamba hakuandika kitu. Tangu ile ajali nimekaa mbele ya madaktari wengi, na wote huandika. Unasema mguu, wanaandika mguu. Huyu aliweka mikono mapajani, akaniangalia, akasema, "Shikamoo mama. Karibu, nakusikiliza." Nikajiuliza, haya nitakayomwambia anayaweka wapi? Asiyeandika anaweka kichwani, na kilichomo kichwani hutokea mdomoni.

Tena alikuwa mtu wa bara, hana ndugu hapa mjini. Wenzangu waliniambia hilo ndilo zuri lake, hana wa kumpelekea habari. Mimi niliona ndilo baya. Mgeni Bagamoyo anatafuta marafiki, na urafiki wa wanawake wa hapa, nami ni mmoja wao, hauanzi bila mtu kuleta kitu cha kusimulia.

Aliyenipeleka kwake ni mume wangu, baada ya kuchoka nami. Simlaumu. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikuwa tukichukua mananasi Kiwangwa na kuyauza mjini. Asubuhi moja tulikuwa tunarudi na lori, sote mbele, dereva kwenye usukani, mdogo wangu katikati, mimi dirishani. Tulipokaribia Makurunge lori likapinduka. Dereva alitoka na mikwaruzo. Mimi nilivunjika mguu na mbavu. Mdogo wangu alifariki, akazikwa siku ileile, nami niko kitandani hospitali, mguu umening'inizwa.

Mguu ulipona, mimi sikupona. Sikupanda tena gari. Nikisikia breki barabarani nashika ukuta. Harufu ya nanasi bivu inanitapisha, mimi niliyesomesha watoto kwa mananasi. Arusini nakaa mahali ninapouona mlango, na mtu akija kunisalimia kwa nyuma naruka. Nikawa namshuku kila mtu. Dereva, kwa nini apone yeye? Mwenye lori, kwa nini alileta mchele mwingi vile msibani? Majirani, mbona wananyamaza nikiingia? Mume wangu alipoanza kufunga mlango polepole ili nisishtuke, nikashuku hata huo upole.

Pengine ningeendelea hivyohivyo, lakini binti yangu alipata mimba. Ameolewa Mkange, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mtoto anarudi kujifungulia kwa mama yake, na mama mwenyewe ndiye anayekwenda kumwomba kwa wakwe na kurudi naye. Wakwe zake ni watu wazuri, wakasema watamleta wenyewe, nisijisumbue. Mama yangu, tunayeishi naye, alikataa palepale. "Mtoto wa kike akiletwa na wakwe, watu watasema karudishwa kwao. Utakwenda kumchukua, au atazalia hukohuko." Na binti yangu akinipigia simu hakuniuliza kama nitakwenda. Aliniuliza, "Mama, unakuja lini?" Njia ya Mkange, uizungushe utakavyo, inapita pale pale tulipopindukia.

Kabla ya hospitali nilikwishakwenda kwa shehe wetu. Alinisomea, akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi, nikanywa. Nililala vizuri siku kadhaa, kisha breki zikarudi. Nilimwambia yule binti habari za kombe nikitazamia atabenua midomo, nipate sababu ya kuondoka. Akasema, "Vizuri mama, usiache dua. Na hii yetu tutaifanya pamoja nayo." Hapo ndipo aliponitia shaka zaidi. Mganga gani hamsemi vibaya mganga mwenzake?

Alianza na mambo ya kuvuta pumzi. Hayo hayakunitisha, ingawa niliona pumzi nimekuwa nikivuta tangu kuzaliwa bila msaada wake. Kisha siku moja akaniambia nifumbe macho nisimulie ajali tangu mwanzo, kama kwamba inatokea sasa hivi. "Usiseme tulikuwa tunarudi. Sema tunarudi."

Nilifumbua macho. Kwetu huo ni uchuro. Mtu hatamki baya kama kwamba lipo mbele yake, maana analiita. Hata mtoto akisema "nitaanguka" anazibwa mdomo. Na huyu, binti wa watu, ananitaka nikae kwenye kiti nilipindue lori upya, wiki hadi wiki. Nikamwuliza anafaidika nini. Akaniambia, "Mama, linapinduka kila siku kichwani mwako bila ruhusa yako. Nataka safari hii ulipindue wewe, kwa kauli yako, na ukifika mwisho uone umekaa hapa." Maneno yalikuwa mazuri. Maneno mazuri pia nayashuku.

Ila hofu yangu kubwa haikuwa uchuro. Nilikuwa na neno moja ambalo hakuna aliyelijua. Msibani watu wote walimwambia mama yangu, "Alikwenda papo hapo, hakuteseka," na mama akalishikilia hilo, akawa analirudia kwa kila anayekuja kumpa pole. Halikuwa kweli. Mdogo wangu aliishi mpaka watu wa mashambani walipofika na mapanga yao kukata mlango. Alikuwa amenilalia, ananiuliza neno lilelile. Kama hilo lingetoka nje ya chumba kile likamfikia mama, ningekuwa nimemuua kwa mikono yangu.

Basi nikamtega. Mfanyabiashara wa sokoni anajua kumpima mtu. Niliposimulia kwa mara ya kwanza nilitia mbuzi. Nikasema, mbuzi mweupe anakatiza barabara, dereva anamkwepa, lori linayumba. Mbuzi hakuwepo. Hakuna aliyejua lori lilipindukaje, hata dereva mwenyewe. Nilijiambia, mbuzi huyu nimemzaa mimi humu ndani. Nikimsikia sokoni, au kwenye maulidi, au kwa msusi, nitajua aliyemfungulia.

Nikangoja. Nilikwenda arusini nikakaa na wasema hovyo kwa makusudi. Nilikwenda kwa msusi nisuke nywele nilizozisuka juzi. Nilisikia ya kila nyumba, ya mbuzi sikusikia. Na huku kila wiki nakaa kile kiti, nafumba macho, namkatizisha mbuzi barabarani. Ajabu ni kwamba pale palipokuwa pakinibana kifua pakaanza kulegea, nami nikajichukia kwa kulegea.

Siku moja nikamwambia lile neno. Sikupanga. Nilikuwa nimefika kwenye vioo, nikapitiliza tu. "Ananilalia. Ananiuliza, dada, tumefika? Ananiuliza tena, tumefika?"

Yule binti hakushtuka wala hakunipa pole. Akauliza taratibu, "Unamjibu nini?"

"Namwambia tumefika. Namwambia, ndiyo, tumefika." Nikalia kilio ambacho msibani sikukilia.

Baada ya hapo akanipa kazi ya nyumbani. Nisimulie yote kwa sauti, peke yangu, kila siku. Nikachagua uani baada ya alasiri, mume wangu akiwa kazini na mama chumbani kwake na tasbihi. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, uso ukutani, nikasimulia. Mbuzi mweupe nilimwacha humo humo. Niliona haya kumtoa baada ya kumlisha muda wote ule.

Kisha ikafika siku tunachagua mchele mimi na mama, ungo mapajani mwake. Bila kuinua macho akauliza, "Hivi yule mbuzi alikuwa wa nani?"

Nilivaa baibui, nikaenda hospitali kwa miguu, nikaingia bila hodi. Nilimwambia yule binti mambo ambayo sitayaandika. Mnafiki lilikuwa dogo kuliko yote. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha akauliza, "Mama, zoezi la nyumbani unalifanyia wapi?"

"Uani."

"Na ukuta wa uani uko upande wa chumba cha nani?"

Nilikaa kwenye kile kiti. Dirisha la mama liko juu ya pale ninapokaa uani, limezibwa kwa pazia tu. Kwa hiyo alimsikia mbuzi. Na kama alimsikia mbuzi, alisikia yote. Sikumwomba yule binti radhi siku ile, nilikuja kumwomba baadaye. Nilirudi nyumbani mbio, na mguu wangu mbovu, nikidhani nitamkuta mama ameanguka.

Nilimkuta palepale na ungo wake. Nikapiga magoti. "Mama, umesikia."

"Mbuzi ndiye niliyekuwa simjui," akasema. "Mengine nayajua tangu siku ile."

Akaweka ungo chini. "Mimi ndiye niliyemwosha mdogo wako. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba. Tukaufungua kwa maji, kidole kimoja kimoja, na mle ndani mna kipande cha kanga yako, ile ya zambarau. Mtu aliyekwenda papo hapo hashiki nguo ya mwenzake, mwanangu. Nikajua alikaa nawe, na nikajua ulikuwa naye."

"Na mbona ukawaambia watu hakuteseka?"

"Wao ndio walioniambia mimi. Nikaitikia. Mwenye kuosha hasemi alichokiona kwa maiti, hiyo ni amana. Na wewe nilikuona umelinyamazia, nikadhani hutaki niambiwe. Nikakunyamazia na mimi." Akavuta kanga yake akafuta uso. "Sikujua kama alikuuliza kitu. Hilo nimelisikia dirishani. Nashukuru ulimjibu."

Nilimkasirikia, lazima niseme. Tulikaa nyumba moja, tunakula sahani moja, kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kitu ambacho wote wawili tunakijua. Niliishuku dunia nzima na sikumshuku yeye. Tulilia mpaka mume wangu akarudi akauliza nani amekufa tena.

Mbuzi nilimtoa wiki iliyofuata. Nilisimulia bila yeye, lori linapinduka kwa sababu linapinduka. Yule binti alingoja kidogo, akasema, "Leo barabara ni nyeupe, haina kitu." Nikafumbua jicho moja nimwone. Hakuwa akicheka, ila sina hakika. Mpaka leo sijui alijua tangu lini, naye hasemi. Nikamwona ni kama mwoshaji, anaona ya watu na yanaishia mkononi mwake. Hilo sikumwambia, asije akavimba kichwa.

Akanipandisha magari kidogo kidogo. Kwanza gari lililosimama, injini imezimwa, mimi na tasbihi yangu. Kisha bajaji mpaka mwisho wa mji. Kisha ikabidi iwe Mkange, maana miezi ya binti yangu haikuwa ikinisubiri. Mume wangu aliazima gari la ndugu yake. Nilimwuliza habari za breki mpaka akatishia kuniacha barazani. Mama alikaa nyuma nami, hakukubali kubaki.

Kwenda, tulipopita pale mahali nilisema kwa sauti kama nilivyofundishwa. "Tunapita. Ni asubuhi. Kuna mihogo kulia. Gari linakwenda." Jasho lilinitoka mpaka kiunoni, lakini nilisema, na mama akawa anaitikia kama mtu anayeitikia dua. Wakwe walitupokea vizuri, tukala, nikamwomba mtoto wangu kama inavyoombwa, nikapewa.

Kurudi, binti yangu alikaa katikati yangu na mama, mimi dirishani. Nilipoona hivyo nilitaka kushuka. Nilimshuku hata Mungu kwa mpangilio ule, anisamehe. Lakini alikwishakaa, tumbo lile, nikafunga mlango. Akalala begani kwangu. Tulipokaribia Makurunge gari likaruka kwenye tuta, akazinduka, macho hayajafumbuka vizuri.

"Mama, tumefika?"

Mume wangu alikaza macho barabarani. Mama hakugeuka. Mimi nilishindwa kuvuta pumzi, zile pumzi zote nilizofundishwa.

"Bado," nikamwambia. "Bado, mwanangu. Lala."

Akalala. Nilitazama chini, nikaona ameshika pindo la kanga yangu, na nilipoweka mkono wangu juu ya wake, ulikuwa na joto.