Ng'ombe Kumi na Wanne, Farasi Hakuna

Walipovuka tuta la tatu, ng'ombe mmoja aliruka kutoka kwenye pikapu. Bi Pazia, aliyekaa nyuma akiwakumbatia wenzake kumi na watatu, aligonga paa la gari.

"Shemeji, simama! Ng'ombe kaanguka!"

Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alishuka akamwokota mnyama wa boksi katikati ya barabara na kumpangusa vumbi puani.

"Pole, mama," alimwambia ng'ombe. "Ukichoka na huyu mwanamke, uje kwangu."

"Akakae na mbumbumbu? Panda twende."

Mtaa waliokuwa wakiuendea hawakuwahi kuukanyaga. Nyumba zote zilikuwa na geti la bluu, na kila waliyemuuliza alielekeza kwa kidevu, tena kila kidevu upande wake. Walifika saa nne kasoro, jasho likiwatiririka.

Jina la Bi Pazia lilitokana na mapazia aliyoyashona kwa miaka ishirini na miwili, katika chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Watu walipoanza kununua yaliyoshonwa tayari, hakulia. Alikusanya mabaki ya vitambaa akaanza kupamba sherehe za watoto. Kila mara nusu ya mapambo alikuja nayo, na nusu aliikuta hukohuko nyumbani kwa mwenye sherehe. "Nyumba ina kila kitu," alipenda kusema, "ila wenyewe hawajui."

Safari hii aliyempigia simu kumpa kazi alikuwa bibi wa mtoto, mwalimu wa lugha aliyestaafu, mtu asiyeweza kuvumilia neno la mkopo likae bure mdomoni mwake. Mjukuu alikuwa amesema anataka sherehe ya kauboi. Bibi, kwenye simu, alilisafisha neno hilo mpaka likang'aa: "Anataka mambo ya wachunga ng'ombe."

Bi Pazia naye akawachunga. Wiki nzima alikata maboksi, akapaka madoa meusi na meupe, akashona majani ya kitambaa cha kijani. Ilipogonga saa sita siku ya sherehe, uani kwa bibi palikuwa malisho kamili: ng'ombe wamesimama ukutani, ndoo za maziwa zimepangwa, na wingu la pamba linaning'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Mwenye siku yake, msichana wa miaka saba, alitoka akiwa na kofia pana na kitambaa chekundu shingoni. Alizunguka uani mara moja, polepole, kama mkaguzi.

"Farasi yuko wapi?"

"Ng'ombe hao hapo, mama. Kumi na wanne," alisema Bi Pazia.

"Kauboi hapandi ng'ombe! Nimewaambia darasa zima kuna farasi!"

Aliingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo. Wageni walikuwa wameambiwa saa nane.

Bi Pazia alimgeukia bibi. "Mwalimu, ulisema wachunga ng'ombe."

"Ndiyo maana yake," alisema bibi, ingawa sauti ilikuwa imempungua. "Sasa nani angejua farasi kajificha ndani ya neno?"

"Tukate pembe," alishauri Shemeji. Wakajaribu kwa mmoja. Akatokea punda mwenye huzuni.

"Kafanana na wewe," Bi Pazia alisema, lakini hakucheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuondoka kwenye nyumba akamwacha mwenye sherehe analia, na kilio kilikuwa kinasikika mpaka uani. Alianza kuzunguka nyumba akigusa vitu: meza, ngazi, benchi refu la jikoni. Nyuma ya mlango alikuta buti la mvua. Akaliinua, akaligeuza huku na huku. Shingo ndefu, pua mbele.

Akaenda kubisha chumbani.

"Fungua, nataka godoro lako."

Kilio kikakatika. "La nini?"

"Farasi wako kalaliwa miaka yote hiyo. Nataka nimwamshe."

Kisha ufunguo ukazunguka, na jicho moja likatokea.

Waliliviringisha godoro wakalifunga kwa kamba juu ya benchi, wakalivika blanketi la kahawia. Buti lilishonewa mbele kwa sindano ya mapazia, nyuzi mbilimbili. Fagio la nyuzi la kupigia deki likawa manyoya ya shingoni, na mkanda wa suruali ya Shemeji ukawa hatamu.

"Suruali nitaishikaje?" aliuliza Shemeji.

"Kwa mikono. Si unayo?"

"Sawa. Farasi wa godoro huyo ni salama, akikuangusha unaangukia usingizi."

Msichana alipanda. Akajisogeza, akavuta hatamu, akawatazama wale ng'ombe kwa jicho jipya.

"Hawa wote ni wangu?"

"Ni wako. Kauboi asiye na ng'ombe ni mtu mwenye kofia tu."

Alifikiri kidogo. "Yule asiye na pembe ni mgonjwa. Asiguswe."

Saa nane wenzake wa darasa waliingia kwa kelele, na kabla hawajasema kitu walipewa amri kutoka juu ya godoro: wewe fungua zizi, wewe kamata yule, wewe unakanyaga majani! Hakuna aliyeuliza kama farasi ni wa kweli. Walichogombania ni zamu.

Bi Pazia alikusanya mikasi na nyuzi zake. Bibi alimshika mkono getini.

"Kaa basi ule keki, mwanangu."

"Nikikaa nitaanza kurekebisha, mwalimu. Bora niende."

Pikapu iliondoka tupu, ikiruka kwenye matuta, Shemeji akiendesha kwa mkono mmoja na kushika suruali kwa mwingine. Bibi alirudi uani, akavuta kiti kivulini, akamwita mjukuu.

"Wewe, na leo utalala wapi?"

"Bibi, subiri," alijibu kauboi. "Ng'ombe wanavuka."