Sabuni ya Mama Iliyogeuka Jiwe

Nyie mliokua Kituntu tukifua mtoni, niambieni: nani kati yetu hakuwahi kulia kwa kuangusha kipande cha sabuni majini? Watoto wa siku hizi wanamwaga nusu pakiti ya unga kwa soksi mbili, halafu wanalalamika mikono imechoka.

Mama yangu alitengeneza sabuni ya miche uani, pembeni ya migomba. Alikoroga mafuta ya mawese na kostiki, kisha akatia kikombe kimoja cha silikati, uji mzito unaong'aa kama asali, alionunua Murongo kwa dumu. Aliniambia hiyo ndiyo inayoipa sabuni ugumu, isiyeyuke upesi. Ikikaukia vidoleni ilibanduka kama vioo vyembamba, nami nilipenda mchezo huo kuliko rede, ingawa alinikemea kwamba inachubua.

Nikiwa darasa la nne, akina mama wa kanisani walimwagiza sabuni ya kufulia kanzu za watoto wa kipaimara. Ikiwapendeza, wangeacha ya dukani na kuchukua kwake siku zote. Mama hakulala kwa furaha. Siku ya kukoroga akapita mzee jirani. Mama akaenda kupiga magoti kumsalimia, na salamu za kwetu mnazijua, mpaka ng'ombe waulizwe hali. Nikabaki na mwiko. Nikawaza, kama kikombe kimoja kinaleta ugumu, dumu zima je? Nikamimina yote.

Jamani! Iliganda mwiko ukiwa ndani. Wenyewe walipokuja kuchukua, walikuta miche yenye nyufa na unga mweupe juu. Waliisugua na maji, povu hakuna. Mama alitazama dumu tupu, akanitazama mimi nyuma ya mlango.

"Vipimo nimekosea mimi," akawaambia. "Mnisamehe."

Hawakuagiza tena. Mama hakunichapa wala hakunisema. Tulifulia mawe yale hadi yakaisha.

Leo mtoto akiharibu kitu tunamrekodi kwanza, tunarusha kwenye kundi la familia, shangazi wote wacheke. Mimi nilifichwa. Tulipomzika mama mwaka jana, mmoja wa wale akina mama alisimama kumsifu, akatania kwamba marehemu alikuwa na mema yote isipokuwa kupima sabuni. Watu wakacheka kwa upendo. Nilitaka kusimama niseme, nikabaki nimeketi. Basi nasema leo, mama hakukosea vipimo. Ni mimi.